Je, Wajua? Chumba cha Mstaafu Kinapita Dzaleka Kila Siku

Je, wajua kwamba gari linalosomba abiria kati ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, na Lilongwe ndilo hilo hilo ambalo mzee wa Kijapani akistaafu hulitandikia godoro na kuzunguka nalo nchi nzima? Ni Toyota HiAce. Ya kwanza ilitoka kiwandani mwaka 1967, na tangu hapo imekuwa daladala Dar es Salaam, matatu Nairobi, ambulensi vijijini, gari la kubebea maiti, gari la kusambazia mikate, na chumba cha kulala. Ulaya na Amerika ukitaja gari la kutembelea uzeeni, wengi huwaza Volkswagen Kombi yenye paa la kunyanyuka. Kwetu huku swali ni jingine. Mwalimu au muuguzi aliyepokea kiinua mgongo, akatamani kuliona Ziwa Nyasa kuanzia Karonga hadi Mangochi bila kulipia hoteli kila usiku, anahitaji gari ambalo likimzimikia Mponela, fundi wa kwanza kufika atakuwa analijua tangu alipokuwa kijana wa kushika tochi gereji. Hapo ndipo HiAce inapoyashinda magari yote mazuri ya kwenye picha.

Katika utumishi wa umma Tanzania, kustaafu kwa hiari huanza miaka 55 na kwa lazima ni 60. Mtu wa umri huo bado ana nguvu za kuendesha. Asichokuwa nacho ni fedha za kununua gari mara mbili. Kwa hiyo yafuatayo ni mambo ya kujua kabla ya kutoa hata senti.

Milimita tano

Upana wa HiAce ya kawaida uliamuliwa na sheria za Japani. Huko gari huhesabiwa dogo, na kutozwa kama dogo, likiwa halizidi urefu wa mita 4.70, upana wa mita 1.70 na kimo cha mita 2. HiAce ya toleo la mwaka 2004 ina urefu wa milimita 4,695 na upana wa milimita 1,695. Wahandisi walijibakizia milimita tano tu. Injini ya petroli nayo isizidi cc 2,000, ndiyo maana ile ndogo ina cc 1,998. Dizeli haikuwekewa kikomo hicho, ndiyo sababu utakuta bodi ileile imebeba dizeli ya karibu cc 3,000.

Ili nafasi isipotee, injini ikawekwa chini ya viti vya mbele, na sakafu ya nyuma ya gari la mizigo ikabaki na urefu wa mita tatu nzima. Ukilala kwa urefu wa gari unanyooka, na bado kuna nafasi ya jiko la gesi, ndoo na sanduku la nguo. Kwa upana haiwezekani: kuta zikishavalishwa mbao, mtu mzima lazima akunje magoti. Pima kwanza, ndipo umwite seremala.

Kwa mzee, mpango huo una uzuri wake na taabu yake. Uzuri ni kwamba injini inafikiwa kwa kunyanyua kiti, na mtu hukagua oili bila kujikunja. Taabu ni kupanda. Dereva anakaa juu kabisa ya gurudumu la mbele, hivyo kila safari huanza kwa kujivuta kama anayepanda ngazi. Anayenunua akiwa na miaka 60 afikirie goti lake la miaka 70. Mpini wa kushikia na kibao cha kukanyagia ni kazi ndogo kwa fundi wa kuchomelea, na mimi ningeviweka kabla ya pazia na kabla ya redio.

Wajapani wenyewe wamewawekea wasafiri wao vituo. Tangu mwaka 1993 nchi hiyo ina mtandao wa vituo vya barabarani vyenye vyoo safi, maegesho na soko la mazao ya wakulima wa jirani. Leo vimezidi 1,000, na wazee wenye magari ya vitanda ni wageni wa kila siku hapo. Gari lililosajiliwa rasmi kuwa la kulala hupewa namba ya kundi linaloanza na 8. Ukiona kwenye karatasi za mnada gari lina namba hiyo, jua huenda limeshawahi kuwa na sinki, kabati na nyaya za ziada, na nyaya hizo zinahitaji jicho la fundi umeme.

Kutoka mnadani hadi Songwe

Gari la mizigo Japani, likishapita miaka yake miwili ya mwanzo, hukaguliwa na serikali kila mwaka. Ukaguzi una gharama, na umri ukisogea wenyewe huona ni heri kuliuza. Ndivyo magari ambayo bado yana pumzi yanavyofika mnadani, na kutoka mnadani yanakuja kwetu.

Karatasi ya mnada ni hazina kwa anayejua kuisoma. Ina mchoro wa gari lililokunjuliwa kama ngozi ya mbuzi iliyowambwa, na juu ya kila kipande kuna herufi. A ni mkwaruzo. U ni mbonyeo. W ni bati lililowahi kunyooshwa na kupakwa rangi. S ni kutu, na C ni kutu iliyokwishaanza kula. Alama ya jumla ikiwa R, gari liliwahi kugongwa likatengenezwa. Wauzaji wengi watakuonyesha picha kumi za viti kabla ya kukuonyesha karatasi hii moja. Iombe. Kwa mtu anayetaka kulala ndani ya gari kwa miaka kumi, S na C zina uzito kuliko kilomita. Injini hubadilishwa, chasisi iliyoliwa haina dawa ya kudumu.

Kutu ya Japani ina jiografia yake. Kaskazini, hasa Hokkaido, barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo huganda chini ya gari. Magari ya huko mara nyingi ni ya kuendesha magurudumu manne, yenye betri kubwa na hita mbili, vitu vinavyomvutia mnunuzi. Usilale kwa raha mpaka umelala chini yake. Chukua bisibisi, uguse chasisi pale inapopindia juu ya ekseli ya nyuma, uguse sehemu zinaposhikwa springi, kisha upande wa ndani wa matao ya magurudumu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinameza ncha ya bisibisi, na rangi nyeusi mbichi iliyopakwa juu yake isikupumbaze, kwani mtu hapaki rangi mpya chini ya gari kuukuu bila sababu.

Malawi haina bahari. Magari yake ya Japani huingia kwa njia kadhaa, mojawapo ikiwa bandari ya Dar es Salaam, ambako nchi hiyo ina kituo chake cha mizigo, na kingine kipo Mbeya. Kutoka bandarini ni zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya, kisha mteremko wa Tukuyu, Kasumulu, daraja la mto Songwe, na Karonga. Japani, Tanzania na Malawi wote huendesha kushoto, kwa hiyo usukani hauna shida. Walio na kazi ya kuzoea ni ndugu zetu waliofika Dzaleka kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, ambako barabara ni ya kulia.

Umri wa gari nao una sheria zake. Kenya haipokei gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Uganda ilifunga mlango mwaka 2018 kwa yaliyozidi miaka 15. Tanzania na Malawi zinayapokea makuukuu, ila ushuru hupanda na umri, na mara nyingi mstaafu hugundua kwamba ushuru umekaribia bei ya gari lenyewe. Ndiyo maana wengi Lilongwe hununua gari lililokwisha kuingia nchini.

Hapo ndipo kishawishi cha kununua minibasi iliyostaafu kinapokuja. Kwa maoni yangu, iache. Minibasi hizi zilishika barabara za Malawi baada ya mabasi makubwa kudhoofika: kampuni ya Uskoti, Stagecoach, iliyachukua mabasi ya nchi hiyo mwaka 1989, ikaondoka mwaka 1997, na pengo likazibwa na HiAce za mtumba. Gari lililobeba watu kumi na watano na mizigo yao mara kadhaa kwa siku limetumika kila kiungo. Sakafu yake imetobolewa matundu ya viti, mlango wa kuteleza umechoka reli, na kila tundu ni mlango wa kutu. Tafuta iliyokuwa ya mizigo, ya duka au ya shirika. Minibasi iwe ndugu yako kwa namna nyingine: wingi wake ndio unaofanya spea ya HiAce ipatikane hadi kwenye vibanda vya pembeni mwa soko.

Kabla halijawashwa

Mafundi wana kanuni moja ambayo haina bei: usimkubalie muuzaji aliyekwisha kuwasha gari kabla hujafika. Injini yenye joto huficha mengi. Fika asubuhi, nyanyua kiti, weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na uvuguvugu, rudi kesho.

Ikiwa baridi, anza na kofia ya oili. Igeuze uangalie ndani. Utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa maana yake maji na oili vimekutana, na mara nyingi gasketi ya silinda hedi imekwenda. Fungua rejeta. Maji ya rangi ya kutu yanakueleza kwamba aliyekuwa nalo alijaza maji ya bomba miaka yote bila dawa ya kuzuia kutu. Matone ya mafuta yakielea juu, funga, shukuru, ondoka.

Sasa liwashwe. Dizeli nzima ya HiAce hushika mara moja taa ya kuwasha moto ikizima. Simama nyuma utazame moshi. Mweusi ukikanyaga, kisha ukaisha, ni nozeli au filta ya hewa, mambo ya kurekebishika. Wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua ndani ya silinda, na hiyo ni pete za pistoni au mipira ya vali. Mweupe ambao haukomi hata injini ilipopata moto ni maji yanayoingia pasipo pake, au mafuta yasiyoungua.

Kisha kile kipimo ambacho hupendwa gereji kwa sababu hakihitaji mashine. Injini ikiwa inanguruma polepole, fungua kofia ya oili, uigeuze, uiweke juu ya tundu lake bila kuifunga. Ikitulia au ikitetemeka kidogo, vizuri. Ikirukaruka na kuanguka, na moshi ukifuka kwa mapigo, mgandamizo wa silinda unapita pembeni ya pistoni na kushuka kwenye oili. Injini hiyo itaendelea kutembea miezi mingi na muuzaji atakuwa amesema kweli akisema inatembea. Ila mlima wa Chiweta, kaskazini mwa Malawi, haiupandi.

Uliza pia habari za mkanda wa taimingi. Dizeli nyingi za HiAce zina mkanda wa mpira unaotakiwa kubadilishwa kati ya kilomita 100,000 na 150,000 kulingana na aina ya injini, na kwenye dashibodi kuna taa iliyoandikwa T-BELT inayowaka wakati ukifika. Taa hiyo fundi anaweza kuizima bila kubadilisha mkanda. Mkanda ukikatika njiani, vali na pistoni hugongana, na ndipo injini nzima inafunguliwa. Asiye na ushahidi wa tarehe auhesabu umekwisha, aununue mpya pamoja na beringi yake ya kukazia.

Petroli yenye miwa

Je, wajua kwamba Malawi imekuwa ikichanganya petroli na ethanoli tangu mwaka 1982? Ukisafiri kando ya ziwa kutoka Nkhotakota kwenda Nkhata Bay unapita katikati ya mashamba ya miwa ya Dwangwa. Hapo molasi inayobaki baada ya kutengeneza sukari huchachushwa na kukenekwa kuwa ethanoli, na kiwanda cha pili kilijengwa baadaye kusini, Chikwawa. Kwa nchi isiyo na pwani wala visima vya mafuta, kila lita ya miwa ni lita isiyosafirishwa kutoka bandari ya mbali. Ni mpango wa busara, na wachache barani waliuanza mapema hivyo.

Mwenye gari kuukuu la petroli ana la kuzingatia. Ethanoli huvuta maji kutoka hewani, na hulainisha na kupasua mipira ya zamani ambayo haikutengenezwa kwa ajili yake. Gari la mstaafu hukaa. Husafiri wiki tatu, kisha hupumzika miezi minne chini ya mwembe. Katika miezi hiyo petroli ndani ya tangi hunyonya unyevu, maji huzama chini, na siku ya kuwasha ndiyo yanayoingia kwanza kwenye pampu. Badilisha hosi zote za mafuta siku ya kwanza, weka aina inayostahimili ethanoli, na usiache petroli ikalala msimu mzima. Kwa Volkswagen Kombi za zamani jambo hili ni la uhai: injini iko nyuma, na hosi ya petroli iliyopasuka juu ya injini yenye moto imeunguza nyingi. Mwenye dizeli haguswi na ethanoli, ingawa naye amwage maji kwenye filta yake.

Siku hizi kuna foleni za mafuta pia. Miaka ya karibuni Malawi imepata uhaba wa mafuta mara kwa mara kwa kukosa fedha za kigeni, na vituo vimekauka kwa siku kadhaa. Msafiri asingoje robo tangi. Nusu ndiyo robo yake.

Kupanda na kushuka

Lilongwe iko juu ya uwanda wa takriban mita 1,050 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko mita 475 hivi. Barabara ya Salima, kama kilomita 100 tu, inashuka tofauti hiyo yote, na upande wa kaskazini barabara kuu hupanda ghafla kutoka Chiweta kuelekea Mzuzu. Anayegeuka kwenda Livingstonia kwa njia ya zamani hukutana na kona 20 za kukunjana, na njia hiyo simshauri mwenye gari lenye kitanda na tangi la maji.

Kwenye mwinuko wa Lilongwe maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 97 hivi, si 100. Kinachoiokoa rejeta ni kofia yake. Ile springi ndogo ndani hushikilia shinikizo na kusogeza kiwango cha kuchemka juu kwa takriban nyuzi 20. Kofia iliyolegea huifanya injini nzima ichemke mlimani, na watu hufungua silinda hedi kutafuta ugonjwa uliokuwa kwenye kifuniko. Kofia mpya ni spea ya bei ndogo kupita nyingine zote garini. Beba mbili.

Kushuka kunaua kuliko kupanda. Mafuta ya breki huvuta unyevu kama ethanoli, na maji yaliyomo huchemka pedi zikipata moto. Mvuke hauna nguvu ya kusukuma, na pedali inazama hadi sakafuni. Yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama yanaonekana safi. Gari literemke kwa gia ileile ambayo lingepandia. Tena usisahau uzito uliojiwekea mwenyewe: lita moja ya maji ni kilo moja, na tangi la lita 60, kitanda cha mbao ngumu, mtungi wa gesi na wajukuu wawili ni mzigo kamili.

Tairi nalo lina tarehe ya kuzaliwa. Ubavuni, mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Kashata zinaweza kuwa ndefu na mpira ukawa umezeeka. Lililozidi miaka kumi lisikubebee wajukuu. Na kwa HiAce tafuta lenye C au LT kwenye saizi yake, maana tairi la gari dogo halikuumbwa kwa uzito huo.

Betri mbili

Dzaleka na vijiji vya jirani, paneli ya sola iliyounganishwa na betri ya gari ni jambo la kawaida, na wengi wamegundua kwa gharama kwamba betri hiyo haimalizi mwaka. Sababu iko ndani. Betri ya kuwashia gari ina sahani nyembamba nyingi ili itoe nguvu kubwa kwa sekunde chache, kisha ijazwe na alteneta papo hapo. Kuinyonya usiku kucha kwa taa na feni kunaiua. Gari la kulala liwe na betri mbili: moja ya stata tu, nyingine ya aina ya kunyonywa polepole, na kati yake kifaa cha kuzitenganisha injini ikizimwa. Hata hiyo ya pili, ikiwa ni ya risasi na asidi, isishuke chini ya nusu. Feni ndogo, taa na chaji ya simu havihitaji zaidi. Wavu wa mbu madirishani una thamani kuliko feni, kwa sababu ukanda wa ziwa una malaria mwaka mzima. Na kabla ya kuoga ziwani uulize wenyeji habari za kichocho.

Kadi ya njano

Bima ya gari ya Tanzania haivuki Songwe peke yake. Kinachovuka ni kadi ya njano ya COMESA, iliyoanza kazi mwaka 1987, inayomlinda mtu wa tatu katika nchi wanachama wa mpango huo, zikiwemo Malawi, Zambia, Kongo, Burundi, Rwanda, Uganda na Kenya. Ajabu yake ni kwamba Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 lakini ikabaki ndani ya kadi, kwa hiyo wakala wa bima wa Dar es Salaam bado anaitoa. Mpakani utachukua pia kibali cha kuingiza gari kwa muda. Kiwe na tarehe za kutosha safari yako, kwani gari lililopitisha tarehe huhesabiwa kuwa limeingizwa bila ushuru.

Otto

Gunther Holtorf alikuwa na kazi nzuri katika shirika la ndege la Lufthansa. Mwaka 1989 alianza safari ya Afrika na Mercedes ya dizeli iliyoitwa Otto, akiwa na mpango wa miezi kumi na minane. Alimaliza mwaka 2014, akiwa na umri wa miaka 77, baada ya karibu kilomita 900,000 na nchi zaidi ya 170. Miaka mingi alisafiri na mkewe Christine, wakilala kwenye godoro nyuma ya gari. Christine alifariki mwaka 2010, naye akaendelea kwa sababu mke alimtaka aendelee. Gari sasa liko makumbusho ya Mercedes-Benz mjini Stuttgart. Otto haikuwa na kompyuta ya injini. Holtorf alibeba spea zake, na alilihudumia mwenyewe kabla halijalalamika. Kwa HiAce mzigo wa spea unaweza kuwa mdogo zaidi: mikanda ya nje, hosi ya juu na ya chini ya rejeta, filta mbili za mafuta, oili lita tano, fyuzi, balbu, kofia za rejeta na waya. Vingine viko njiani.

Nani anaruhusiwa kusafiri

Dzaleka, wilaya ya Dowa, ilikuwa gereza la kisiasa enzi za Rais Kamuzu Banda. Mwaka 1994, mwaka uleule Banda alipoangushwa kwenye uchaguzi wa vyama vingi, pakawa kambi ya wakimbizi. Ilipangwa kwa watu elfu kumi na kitu. Leo inao zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka mashariki mwa Kongo, na Kiswahili cha Uvira na Fizi ndicho cha sokoni. Kuna watu walioingia hapo wakiwa vijana ambao sasa wana mvi.

Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951, mwaka 1987, iliweka pingamizi kwa baadhi ya vifungu, kikiwemo cha uhuru wa kutembea. Mwaka 2023 serikali ilianza kuwarudisha kambini kwa nguvu waliokuwa wakiishi na kufanya biashara Lilongwe na kwingineko, na maduka yaliyojengwa kwa miaka yalifungwa ndani ya siku chache. Fundi wa Dzaleka anaweza kuijua HiAce kuliko kitabu chake na bado akahitaji ruhusa kwenda mjini kununua gasketi. Mzee wa miaka 65 ambaye angependa kuona ziwa kutoka Salima, kilomita zisizofika mia mbili, hasafiri kwa kutaka. Hilo si sawa, na msafiri anayelala popote anapopenda anapaswa kulijua anapopita.

Pa kupita papo. Tangu mwaka 2014 Dzaleka ina Tamasha la Tumaini, lililoanzishwa na mshairi na mwanamuziki wa Kikongo Menes La Plume, yeye mwenyewe mkimbizi. Hufanyika mara nyingi mwezi Novemba, kuingia ni bure, na maelfu huja kutoka Lilongwe kusikiliza muziki na kula. Mgeni anaweza kulipia kulala katika nyumba ya familia ya kambini, na fedha hizo hukaa hapo hapo. Ukija na gari lako lenye kitanda, jiandikishe kwa familia hata hivyo. Godoro la garini utalilalia siku nyingine zote za safari.